Kahawa Ambayo Shangazi Ikupa Hakuwahi Kuionja

Mimi sina subira, nalisema mapema asije mtu akashangaa huko mbele. Pale sokoni Tunduma ninapouza vitenge, wateja wa ng'ambo ya mpaka wakija na salamu zao za "mulishani", wakapapasa kitambaa asubuhi nzima bila kufungua mkoba, nawanyang'anya na kukikunja. Wananijua. Wanacheka, wanakwenda zao, kesho wako palepale. Aliyenilea alikuwa na subira ya kututosha wote wawili, ila hakunirithisha hata chembe. "Imelda huyu kazaliwa na haraka," alikuwa akisema Shangazi Ikupa, "sijui anawahi wapi."

Nataka nieleze jinsi Shangazi alivyokuwa, maana tangu tumzike watu wanazungumzia siku zake za mwisho tu, tena wanazungumza vibaya. Mtu ameishi miaka yote ile, amechuma, amezaa, amelea, amezika, halafu habari yake iwe ni kikombe kimoja cha kahawa! Haya, na hicho kikombe nitakieleza, lakini kwa zamu yake.

Alikuwa dada wa baba yangu. Baba alikwenda kwenye migodi ya Zambia nikiwa bado nanyonya, akaoa hukohuko, akanyamaza. Mama alifariki nikiwa sijaota meno yote. Shangazi naye alikuwa amefiwa na mume na kurudi kwa baba yake, Babu Sadoki, kule Hasamba, akiwa na mtoto mgongoni, ndiye Gibson. Basi tukawa wanne katika nyumba ile: Babu, Shangazi, mimi na Gibson, na mibuni kuanzia nyuma ya jiko mpaka chini mtoni.

Jamani, mwezi wa saba Hasamba! Watoto wa siku hizi wanavaa soksi mbili na bado wanalia. Sisi tulitoka na umande, vikapu kiunoni, vidole vimekufa ganzi mpaka hujui kama umeshika tunda au jani. Shangazi alitangulia, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na kila baada ya muda anageuka: "Nyekundu tu! Gibson, hiyo ya kijani ulimchumia nani?" Jioni tunamenya kwa ile mashine ya mkono, mimi nazungusha, Gibson anamimina, Babu amekaa pembeni akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Kesho yake kahawa inalowekwa, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja uani. Na ikishaanikwa hakuna raha tena. Wingu likipita kidogo tu, Shangazi anapiga kelele, "Funikeni!" na hata kama uko msalani unatoka mbio umeshika nguo.

Harufu ya kahawa iliyolowekwa, ile ya uchachu, mpaka leo nikiisikia mahali natamani kuwa na miaka minane. Natamani baridi ile, natamani hata kugombezwa. Nimekaa mjini miaka mingi na nimejenga, lakini raha yangu yote niliiacha kwenye vichanja vile, nasema kweli.

Ila kahawa yenyewe hatukuinywa, hata siku moja. Nyumba nzima ya kahawa, na asubuhi tunakunywa chai ya rangi na viazi vitamu. Siku moja Gibson aliuliza, alikuwa na miaka sita hivi na mdomo mrefu, "Mama, kwani kahawa ina ladha gani?" Shangazi akamtazama kama aliyeomba kuchinjiwa ng'ombe. "Kahawa ni ya kuuza. Unataka kunywa sare yako ya shule?" Na ndivyo ilivyokuwa kwa majirani wote. Iliondoka kwenye magunia, ikaenda kwa Wazungu huko wanakoishi, ikarudi imekuwa daftari, viatu, mabati na mchango wa kanisa. Gibson alisomeshwa na mibuni ile mpaka chuo. Leo anafanya kazi ya kutoa mizigo mpakani, ana gari, ana kitambi, na ni mtoto mwema kwa mama yake, kwa hilo siwezi kumwonea.

Sasa habari ya Babu Sadoki, maana bila hiyo hamtamwelewa Shangazi.

Babu alizeeka vibaya. Nyonga zilimkataa, akawa wa kubebwa, na usiku kucha maumivu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nilisikia kwa masikio yangu asubuhi moja akimwambia Shangazi, "Ikupa mwanangu, nimechoka. Nitafutie dawa ya kunimaliza, nipumzike na wewe upumzike." Shangazi alikuwa anamkanda miguu. Hakuinua hata uso. "Baba, mimi siui mtu. Halafu kahawa yote ile nje nani ataichambua?" Akatoka, akaleta toroli la kubebea mbolea, akalitandika blanketi, akampakia mzee, akamsukuma mpaka kwenye chanja. "Haya, chambua."

Babu alitukana matusi ya Kinyiha ambayo sijayasikia tena tangu siku ile. Kisha akaanza kuchambua. Mbovu huku, nzima huku, iliyopasuka huku. Kufikia mchana alikuwa anatufokea sisi kwamba tunaanika tabaka nene mno. Kila siku alipelekwa kwa toroli, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, na akawa mkali kwenye uchambuzi kuliko wanunuzi wenyewe. Habari ya kufa hatukuisikia tena. Msimu ule kahawa yetu ilikuwa safi ajabu, na ule ndio msimu ninaouota mara nyingi, sisi wanne kwenye jua, vidole vinapita kwenye kahawa, Babu anasimulia alivyotembea kwa mguu mpaka Mbeya kutafuta mke.

Lakini mwisho ulifika, na haukuwa mzuri. Kwetu mzee akifa, akina mama wakishaingia msibani na kulia kidogo, swali linalofuata ni hili: alikula nini mwisho? Ukijibu uji, maziwa, ndizi, vichwa vinatikisika, mlimtunza. Ukijibu hakula, basi mmemuua kwa njaa, na mtaishi na hilo. Kwa hiyo Babu alipofunga meno asitake tena chakula, walikuja wanawake wa kanisani wakiongozwa na Mama Enesi, mwenyekiti wao, mwanamke wa mikono yenye nguvu. Mmoja alishika kichwa, Mama Enesi akashika taya, Shangazi akatia kijiko. Babu alikuwa analia. Alikata roho na uji mdomoni, na msibani tukajibu vizuri.

Miaka ikaenda. Mimi nikaolewa, nikaachika, nikaanza vitenge. Shangazi akabaki na mibuni yake Hasamba, akakataa kuhamia kwa Gibson. "Nikae Tunduma nifanye nini, nihesabu malori?" Msimu uliopita kiharusi kilimkuta katikati ya shamba. Walimkuta ameegemea mbuni, mkono wa kushoto bado umeshika tawi.

Hospitali walimwokoa. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, lakini maneno yalitoka ukimsubiri. Kilichoharibika zaidi ni koo. Daktari, kijana mpole, alitukalisha mimi na Gibson mbele ya kitanda akatueleza kwamba asimeze kitu chochote, hata maji, maana kitapotea njia na kuingia kwenye mapafu, na hapo itakuwa hatari ya kifo. Akawekewa mpira puani, unaoteremka mpaka tumboni. Nikafundishwa kupitisha maziwa na uji mwepesi kwa bomba. Gibson alinunua kila kilichotajwa na vingine ambavyo havikutajwa. Nikafunga meza yangu sokoni, nikarudi Hasamba kumuuguza.

Kumuuguza mtu aliyekuogesha! Mnalijua jambo hilo? Nilimgeuza, nikamsafisha, nikambadilisha nguo, na kila mara alifumba macho kwa aibu. Nilikuwa namtania ili mambo yapite. "Shangazi, una makalio ya msichana, ulikuwa unayaficha wapi?" Upande mmoja wa mdomo ulicheka. Mwingine ulibaki umenuna. Kisha mimi natoka nje, nalia nyuma ya jiko, narudi.

Asubuhi moja nimemaliza kumwogesha, akaniita.

"Imelda."

"Abee."

"Nisaidie niende."

"Uende wapi tena, na sasa hivi tumetoka kuoga?"

"Kwa Babu."

Nilielewa papo hapo, na hasira ikanipanda mpaka kichwani. "We Shangazi! Koma! Unataka nikaozee jela? Unataka Gibson anifukuze kama mchawi? Nikulishe sumu kwa mikono hii uliyonifundisha kula nayo? Babu alikuomba hivihivi, ukamwambia nini?"

Alifikiri. "Nilimwambia kahawa inamsubiri."

"Basi na wewe kahawa inakusubiri."

Na sikuwa natania. Vibarua wa Gibson walikuwa wamechuma kilichobaki, na kahawa ilikuwa imekauka kwenye vichanja. Nikajaza ungo, nikamketisha kwa mito, nikamwekea ungo mapajani. Mkono wa kushoto haukuzoea kazi ile. Kahawa ilimwagika kitandani, ikamwingia shingoni, tukacheka mpaka mpira wa puani ukatikisika. Lakini alichambua. Alinikosoa na mimi. "Hiyo imetobolewa na mdudu, huoni? Macho umeyaacha Tunduma?" Na jua likiingia dirishani, na vumbi lile la kahawa, nilijiona nimerudishiwa utoto wangu bila kuuomba. Tulizungumza habari za toroli, habari za matusi ya Babu, habari za siku Gibson alipolala ndani ya gunia tukamtafuta mto mzima. Zilikuwa siku njema. Nilijisifu moyoni, nikasema nimeweza.

Kumbe nilikuwa namfurahisha Imelda. Siku moja alisukuma ungo kwa kiwiko. "Toa. Nimechambua ya kutosha."

"Umechoka, tutaendelea kesho."

"Hapana. Nimechambua tangu nina miaka saba. Inatosha." Akaugusa mpira puani, kisha, "Unakumbuka meno ya Babu?"

Nilikumbuka. Nani angesahau?

"Sikuombi tena uniue," alisema, taratibu, neno kwa neno. "Umekataa, na umekataa vizuri. Nami nilikataa. Nakuomba kitu kingine. Usinishike taya."

"Nani kakushika taya, Shangazi? Hapa kuna mpira tu."

"Huu ndio kushikwa taya."

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Na siku hiyohiyo, nilipotoka kuchota maji, aliuvuta mpira kwa mkono wake wa kushoto, wote, akautupa sakafuni. Nilimkuta anatokwa damu kidogo puani, ametulia kama aliyetua mzigo wa kuni.

Nilimwita muuguzi wa zahanati. Mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Akamuuliza Shangazi, "Mama, nikurudishie?" Shangazi akageuza uso ukutani. Muuguzi akamuuliza mimi ni nani, hapa ni wapi, huu ni mwezi gani. "Huyu Imelda, ana kelele. Hapa kwangu. Mwezi wa kumaliza kuchuma." Muuguzi akafunga mkoba wake. "Akili yake ipo kamili. Akikataa mwenyewe, mimi simlazimishi. Msafishe mdomo, mloweshe midomo, mgeuze asichubuke. Akitaka kuonja kitu, mketishe wima, kidogo kidogo. Lakini ujue kinaweza kwenda kubaya."

Gibson alikuwa Zambia, amefuata mzigo wa watu uliokwama. Nilimpigia simu. Sikumficha kitu.

"Arudishiwe," alisema. "Leo."

"Kakataa."

"Kakataa vipi? Mgonjwa wa kiharusi anakataa? Dada, sema tu umechoka. Sema umechoka nilete mtu mwingine."

Hapo alinikata maini. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, nikakata simu. Akapiga tena, sauti imeshuka, analia. "Siwezi kuishi nikijua mama yangu amekufa na njaa. Usimpe kitu mdomoni, dada. Usithubutu. Nakuja." Na mimi nilimwonea huruma, maana alikuwa anampenda mama yake kwa njia aliyoijua, ya kutafuta na kuleta.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliamka na macho maangavu. Nilikuwa namlowesha midomo kwa kitambaa.

"Imelda, kahawa ina ladha gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Umekaa mjini kote huko, hujanywa?"

"Nimekunywa ile ya kopo."

"Ya kopo siulizi. Yangu ina ladha gani?"

Nikaendelea kumlowesha midomo. Akasema, "Nipikie nionje."

"Shangazi, daktari kasema ukimeza kitu kitaingia mapafuni."

"Nilikuwepo akisema. Kiharusi hakikuniziba masikio."

Nikatoka nje. Nikaenda kwenye vichanja, nikasimama pale nimeshika kiuno, nikagombana na Mungu kwa sauti, majirani wakafikiri nafukuza kuku. Maana nilijiuliza: hili si lile nililolikataa, limezunguka likaingia kwa mlango wa nyuma? Sumu nisingempa, hata leo nisingempa, hata angenililia namna gani. Sumu kazi yake ni moja. Kahawa ni ya kuonja. Lakini koo lile halijui kutofautisha. Na Gibson kasema usithubutu. Na mwanamke aliyetoka na umande miaka yote ile, akawavalisha watu viatu, kitu pekee alicho na hamu nacho duniani ni kujua ladha ya kazi yake mwenyewe. Nimwambie hapana, ili afe salama? Wenye elimu ya dini na ya sheria waje wanipangie vizuri. Mimi siku ile nilikuwa peke yangu, na nilimpenda.

Nikachukua ungo uleule aliokuwa ameuchambua yeye.

Sasa kichekesho ni kwamba sikujua kupika kahawa. Nimezaliwa ndani yake na sijui! Nikaitwanga kwenye kinu maganda yakatoka, nikapepeta, nikamimina kwenye sufuria, nikawasha moto kama wa kupikia makande. Ikawa mkaa mtupu, moshi ukajaa mpaka chumbani. "Unachoma nyumba?" nikasikia. Nikamwaga, nikaanza upya, moto mdogo, nakoroga kwa mwiko. Ikaanza kutatarika, ikageuka rangi taratibu, na ile harufu ikatoka. Harufu gani ile! Ikapita jikoni, ikaingia sebuleni, ikapanda kwenye mabati. Nyumba ile ilijengwa kwa kahawa na haikuwahi kunukia kahawa hata siku moja. Nilipochungulia chumbani, Shangazi alikuwa amefumba macho anavuta pumzi kwa tundu zote mbili za pua, zisizo na mpira.

Nikaitwanga tena, nikaichemsha, nikaichuja kwa chujio la chai. Nikamketisha wima, mito nyuma, kitambaa kifuani. Nikachota kijiko, nikampelekea mdomoni.

Akaishika mdomoni kwanza. Akaizungusha kwa ule upande uliokuwa hai. Akameza.

Akakohoa. Akakohoa sana, uso ukamwiva, macho yakamtoka, na mimi nikamshika mgongo nikisema basi, basi, Mungu wangu nimemuua. Kisha kikohozi kikageuka kicheko.

"Uchungu wote huu," alisema alipopata pumzi, "ndio uliomsomesha Gibson?"

"Ndio huuhuu, Shangazi."

"Maskini Wazungu." Akalamba midomo. "Hebu tia sukari."

Nikatia sukari. Kijiko cha pili kilipita vizuri. Cha tatu akakikalia muda mrefu, macho kwenye dari, machozi yanamtiririka upande mmoja. "Ah," alisema. "Heri hatukujua. Tungeinywa yote, na nyie mngesoma nini?"

Tangu hapo kila siku alionja kidogo, vijiko viwili au vitatu, na sukari. Hakutaka kingine. Siku nyingine alikohoa, siku nyingine hapana. Aliniambia habari ambazo sikuwahi kuzisikia: kwamba mume wake alikuwa anapiga filimbi akichuma, kwamba baba yangu aliwahi kutuma viatu vyangu kutoka Zambia, vikawa vidogo tayari vilipofika, naye akaviweka mpaka panya wakavimaliza. Halafu kifua kikaanza kukoroma, homa ikampanda. Muuguzi akaja, akampa dawa ya maumivu na ya homa, akakaa naye. Ilikuwa kahawa? Ilikuwa kiharusi kingine? Muuguzi alisema hajui, nami sijui, na sijifanyi najua. Alikufa mchana wa jua kali, mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wangu, meno yake hayakufungwa.

Gibson alikwama kwenye foleni ya malori mpakani. Alishuka kwenye gari la watu akatembea, akapanda pikipiki, akafika tumeshamwosha mama yake. Alisimama mlangoni na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuniangalia.

Wanawake wa kanisani walikaa kwenye mkeka, wakalia, wakaimba. Kisha likaja lile swali, nami nilikuwa nalisubiri. Mama Enesi ni mzee sasa, mikono ile imekuwa vijiti. "Imelda mwanangu, Ikupa alikula nini mwisho?"

Uji ungeniokoa. Neno moja tu, uji, tukaendelea na nyimbo.

"Kahawa," nilisema.

Chumba kizima kilinigeukia. Gibson alikuwa ameegemea ukuta. "Daktari alisema asimeze kitu," alisema.

"Alisema."

"Na nikakuambia usithubutu."

"Uliniambia. Aliitaka, nikampa."

Akatoka nje bila kuvaa viatu. Wanawake wakaanza kunong'ona, na mmoja, sitamtaja, akasema hivi sasa watu wanauawa mchana kweupe. Mama Enesi hakunong'ona. Aliniuliza taratibu, "Aliitaka mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

"Hakuna aliyemshika?"

"Hakuna."

Aliitazama mikono yake pale mapajani, akaificha chini ya kanga. Kisha akaanzisha wimbo, ule ambao Shangazi alikuwa akiimba akichuma, na wengine wakalazimika kumfuata.

Tulizika. Gibson hakunisemesha makaburini, hakunisemesha wakati wa kugawana nguo za marehemu, na ndugu walipoondoka mmoja mmoja tulibaki wawili ndani ya nyumba ile kama wapangaji. Mimi na mdomo wangu huu nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kumpoteza. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki anayejua toroli lile lilikuwa na rangi gani.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilikuwa jikoni nafunga mizigo. Akaingia, akaketi kwenye kigoda cha mama yake, akatazama moto.

"Imebaki?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo kahawa."

Ilikuwepo kidogo, kwenye kopo la siagi, ile aliyoichambua kwa mkono wa kushoto. Nikaweka maji jikoni. Yakachemka. Nikamchujia kwenye kikombe cha bati cha Shangazi, nikampa kavu, bila kitu, kama nilivyompa mama yake mara ya kwanza. Yale maneno aliyosema mama yake sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala muuguzi, wala Mama Enesi.

Gibson akapuliza, akanywa. Akaishika mdomoni, akakunja uso mzima, akameza kwa shida. Akakitazama kikombe muda mrefu, na midomo ikaanza kumcheza.

"Dada," alisema, "uchungu wote huu ndio ulionisomesha?"

Nikamsogezea sukari.